Chombo Hakiruki Karibu na Kitu Kizito

Wiki iliyopita mashine ya michezo ya mwanangu ilipata joto ikaanza kunuka vumbi linaloungua juu ya plastiki. Nilikuwa jikoni. Nilitoka na mikono yangu yenye unga nikaichomoa ukutani bila kuuliza mtu, mtoto akalia eti nimempotezea mchezo wa siku tatu, nami nikamfokea maneno ambayo hayakumhusu hata kidogo. Baadaye nilikaa kitandani peke yangu. Harufu ile ni ya chumba cha yaya Deo, na mimi chumba kile nimekikimbia miaka mingi.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kolwezi mnakijua, hata kama chenu kilikuwa mtaa mwingine. Televisheni tatu nene za mgongo, benchi moja refu, pazia la kuzuia jua, jenereta nje ikikohoa, na kundi la watoto waliotumwa chumvi na mama zao wakasahau kurudi. Yaya Deo, mwenye chumba, hakuwa ndugu yangu wa damu. Kwetu kijana yeyote aliyekutangulia kuzaliwa ni yaya. Alikuwa amesoma hesabu na fizikia mpaka karibu na mwisho wa sekondari, kisha masomo yakamshinda, au sema karo ilimshinda, akabaki na daftari zake na maneno mengi ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Wavulana walikuja kucheza mpira wa kwenye televisheni tu. Mchezo wa chombo cha angani walikuwa wanauita mchezo wa wagonjwa. Tuliocheza tulikuwa wawili: yeye Deo, na mimi, msichana wa miaka tisa mwenye magoti ya majivu.

Nilichokipenda kilikuwa kuruka. Unachagua nyota kwenye ramani, unashika kibonye, chombo kinanguruma, halafu mbingu yote inavutwa na kuwa mistari myeupe, na ukitoka upande wa pili kuna jua jingine, la kijani au jekundu. Safari ambayo mwangaza wenyewe ungeitembea miaka elfu, sisi tuliimaliza kabla jenereta haijakohoa mara tano. Nilimuuliza Deo inawezekanaje. Ee, hapo nilikuwa nimemfungulia mlango, maskini.

"Angalia muzuri, mama," aliniambia. Mtoto wa kike kwetu anaitwa mama hata kabla ya kuota meno, na ndiyo yetu ni njo. "Mwangaza njo inakimbia kupita bitu byote. Hakuna kitu inaweza kuipita. Sasa bale banatengenezaka jeux, hii michezo, banafanya nini? Banatafuta mulango ya nyuma."

Milango ya nyuma ilikuwa mingi, akanifundisha mmoja mmoja. Kuna michezo ambamo chombo kinatoka kwenye dunia hii na kuingia nyingine iliyo pembeni, ambako mbali ni karibu, kinatembea huko kidogo halafu kinarudi. Kuna mingine inayokunja mbingu: alichukua kitenge kilichokuwa pazia, akashika maua mawili yaliyokuwa mbali, akayakutanisha. Kuna mingine yenye milango mikubwa ya duara iliyojengwa na watu wa zamani, unaingia huku unatokea kule. Na kuna mingine, na huu ndio uliokuwa wetu, ambamo chombo hakikimbii kabisa. Kimekaa kimya ndani ya povu, na mbingu ndiyo inayosukumwa. Hapo alinikumbusha ule mkanda mrefu tuliouona Kingamyambo, unaobeba udongo wa shaba. Jiwe lililo juu yake limelala tu, mkanda ndio unaokwenda. Nilielewa mara moja. Nilijiona mwerevu kuliko shule nzima.

Lakini mchezo wetu ulikuwa na sheria moja. Ukiwa karibu na kitu kizito, hakuna kuruka. Mwanamke aliyemo ndani ya mashine alikuwa anasema kwa Kifaransa cha kujivuna kwamba uzito uko karibu, na kibonye kinabaki chekundu. Siku moja tulishikwa hivyo karibu na nyota iliyokufa, kitu kidogo cheusi ambacho nilikuwa hata sijakiona.

"Yaya, iko kidogo tu vile! Inatushika namna gani?"

"Iko kidogo, lakini iko muzito. Haiko ukubwa njo inashika, ni uzito. Kitu kidogo na muzito, hiyo njo mubaya kupita yote."

Hilo nalo nilikuwa nalijua tayari, kwa njia nyingine. Tata yangu, yaani baba, alikuwa ananunua mawe ya shaba, mukuba kwa lugha yetu, pale mgodini Mutoshi, alikuwa na mizani yake chini ya turubai, na wachimbaji walimletea magunia. Jioni alikuwa anarudi na mawe mawili mfukoni, ananiwekea moja kila mkono, nafumba macho. "Gani?" Mimi nachagua lile linalovuta mkono chini, hata kama ndilo dogo. Alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. "Huyu atanipita kazi, weye utaona!"

Sasa niwaambie Mama yangu alikuwa nani. Mama alikuwa mtu wa Sandoa, mwimbaji wa kanisani, mtu wa kucheka haraka na kununa haraka, na mwaka ule alikuwa na mimba. Baada yangu alikuwa amezaa mara mbili, na wote wawili wakafa kabla ya kutambaa. Majirani waliambiwa ni homa. Moyoni mwake Mama alikuwa na jibu jingine, lakini mtoto haambiwi mambo hayo, anayachota vipande vipande chini ya meza. Nilijua tu kwamba nkambo, mama yake, alikuwa amemkasirikia tangu siku alipoondoka Sandoa kumfuata Tata, na kwamba kwetu jina la Sandoa lilitajwa kwa sauti ya chini.

Halafu simu ikalia. Alikuwa mjomba, kaka yake Mama. Sauti yake ilitoka nje ya simu ikajaa nyumba: "Mama eko mubaya. Kuya mbio. Kuya nayo." Mama alikaa chini palepale sakafuni. "Nitakuya," alisema. "Nitakuya nayo. Mumuambie angoje."

Nayo nini, sikuuliza. Nilichosikia mimi ni lile neno mbio, basi.

Na mbio ya wapi? Watu husema haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwahi kupanda lori la Sandoa msimu wa mvua. Dereva alipoulizwa ni siku ngapi, alijikuna shingo. "Siku tatu, Mungu akipenda. Mvua nayo ikipenda, ata kumi." Mama aliyeombwa kwenda mbio akawekewa nafasi juu ya magunia ya saruji, na mimba yake, na kibegi chake. Nilimwona anavyouma kidole akihesabu siku. Nilimwonea huruma, nikaamua nimsaidie.

Jioni ya kuamkia safari alikwenda bombani kuchota maji. Nilifungua kibegi. Nilitoa kitu kimoja kimoja nikakipima mkononi, macho nimefumba, kama alivyonifundisha Tata. Vitenge, vyepesi. Sabuni, si kitu. Mfuko wa chumvi ulikuwa mzito, ndiyo, lakini ulikuwa mkubwa, na mimi nilitafuta kile kidogo. Nilikipata chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya kipande cha nguo kuukuu. Ulikuwa msalaba wa shaba, si wa kanisani, ule wa zamani wenye mikono minne sawasawa, upana wa kiganja changu nikikifungua, wenye ukijani katika mikunjo yake. Ulivuta mkono wangu chini kuliko jiwe lolote la Mutoshi. Nikasema, wewe ndiwe. Wewe ndiwe unayetushika.

Nikautoa. Nikaviringisha ile nguo kuukuu palepale ilipokuwa, ndani yake nikaweka kipande cha mti ili isilegee, nikapanga sabuni na vitenge juu. Msalaba niliuficha nyuma ya pipa la maji, chini ya matofali. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyefanya kazi njema. Leo nikikumbuka usingizi ule natamani kujipiga kofi.

Asubuhi Mama alipandishwa juu ya lori, wanaume wawili wakimsukuma, mmoja akimvuta. Alinipungia mkono. "Uchunge Tata yako!"

"Utafika leo, Mama!" nilimpigia kelele. "Sasa itaruka muzuri!"

Alicheka. Hakuelewa, lakini alicheka, na lori likaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, likayumba mpaka kona. Nilisimama nikingoja ile mistari myeupe. Mimi sikuwa mjinga kiasi hicho, msinicheke, nilijua lori si chombo cha angani. Lakini nilikuwa nimeshika kwamba sheria ni moja, mbinguni na barabarani, na kwamba kitu kikipunguziwa uzito mbaya lazima kitafika upesi. Baada ya kona hakuna aliyeliona lori tena, na mimi niliamini limeruka.

Jioni hakufika. Kesho yake mjomba alipiga simu, bado. Siku ya nne msafiri wa pikipiki alituambia lori limezama tope mpaka kwenye mlango wa dereva, na watu wanapika kando ya njia. Siku ya sita nilikwenda kwa yaya Deo. Nilitaka kumuuliza tu kama kuna uzito mwingine ambao sikuuona.

Alikuwa amekasirika. Mchezo ulikuwa umegoma katikati ya kuruka. Mistari myeupe ilikuwa inapita, inapita, haifiki popote, na chumba chote kinanuka ile harufu ya vumbi la moto. Alifungua mashine, akatoa diski, akaifuta kwa shati lake.

"Itafika saa ngapi?" nilimuuliza.

"Kufika wapi? Hakuna safari pale, mama. Machine inasoma disque. Inatafuta ile nafasi mupya, inakawia, sasa inakuonyesha mwangaza ili usichoke kungojea. Ile chombo, fusée, haitokake hata mahali moja."

"Na ile nafasi ya nyuma? Na batu ba kule?"

"Inabafuta. Mémoire, akili yake ya kukumbuka, iko kidogo, haiwezi kubeba huku na kule."

Nilikaa kwenye benchi. Niliuliza swali langu la mwisho polepole. "Na uzito?"

"Uzito nini?"

"Ile inashikaka fusée."

"Aa, ile." Alipuliza vumbi kwenye feni. "Bale ba jeux njo balitia tu, juu isikuwe rahisi sana. Unaona, mutu akiruka ovyo ovyo, machine haitapata wakati ya kusoma."

Sikumuaga. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hofu ambayo jina lake bado sikulijua. Tata alikuwa mlangoni na simu sikioni, anazungumza na mjomba. "Lori ilitoka mu potopoto. Eko njiani. Ndiyo, eko nayo, aliifunga mwenyewe. Mama yenu angoje tu." Alipokata aliniona nimesimama, akanivuta karibu. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha husema mengi. Ndipo aliponieleza yote. Ule msalaba ulikuwa wa wanawake wa ukoo wa nkambo, umepita kutoka mama kwenda binti tangu zamani sana. Mama aliondoka nao Sandoa bila ruhusa, akiwa kijana, kwa hasira, kwa sababu walimkataza kuolewa na yeye Tata. Nkambo akaapa kwamba binti huyo hatapata pemba yake. Pemba ni ule udongo mweupe ambao mzazi anakupaka mkononi na kifuani akikusamehe au akikubariki, na kwa Mama bila pemba ya nkambo watoto wake wasingeishi. Sasa nkambo anakufa, amekubali: Mama arudishe msalaba mbele ya wazee, apakwe, aende zake.

"Atapakwa," Tata alisema, "na huyu wa tumboni atabakia. Weye utakuwa yaya. Unasikia?"

Nilifungua kinywa. Nawaapia nilikifungua. Pikipiki ingefika Sandoa kwa siku mbili tatu, wapo vijana waliokuwa wanafanya kazi hiyo, na msalaba ulikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa. Tata aliniangalia.

"Nini?"

"Njaa," nilisema.

Akaingia ndani kunipikia bukari, ugali wetu. Alipika vibaya, ina madonge, nikala yote. Kosa la kwanza lilikuwa la mtoto, na la mtoto husamehewa. Hili la pili nilikuwa nalijua, na nililifanya nikiwa nimeshiba.

Mama alifika siku ya tisa. Nkambo alikuwa bado hai, amengoja kweli, amekaliwa na wazee na dada zake, na pemba imewekwa kwenye kibakuli. Mjomba ndiye aliyetusimulia. Mama alipiga magoti, akatoa ile nguo kuukuu, akaifungua mbele ya watu wote. Kikaanguka kipande cha mti. Mama alimwaga kibegi chote chini, chumvi ikamwagika, akatafuta kwa mikono miwili, akaanza kulia "Mama wee, mama wee, nilikuwa nayo!" Nkambo alimwangalia kwa muda mrefu. Aliona binti aliyeuza kitu cha mama zake kule kwa wanunuzi wa shaba, kisha akamletea ukuni wa kumdhihaki. Akageuka akaelekea ukutani. Alikufa kesho yake bila kugeuka tena.

Mimba ilitoka njiani wakati wa kurudi, juu ya lori jingine, kando ya daraja la miti. Alikuwa mvulana. Mtu mwenye akili atasema ni barabara iliyomuua, siku tisa za kwenda na nane za kurudi juu ya magunia, na mimi nina akili, nimesoma, nasema hivyo pia. Mama hakusema hivyo. Aliingia nyumbani na uso wa majivu, hakuniangalia, alimwendea Tata moja kwa moja.

"Ulipeleka mukuba yangu ku depot ya banunuzi."

"Miye? Aka! Na mikono yangu hii?"

"Nani anauzaka mukuba mu nyumba hii? Mi? Huyu mutoto?"

Alininyooshea kidole. Wote wawili wakaniangalia, na mimi nikatikisa kichwa hapana. Hapana ya nini, sijui hata leo. Waliichukua kuwa ni jibu.

Tata aliapa. Aliapa kwa Mungu, kwa mama yake, kwa jina langu. Alitaka mchungaji aitwe, mchungaji akaitwa, akaapa tena. Hakuna aliyemsadiki, kwa kuwa nani angemsadiki? Mtu anayepima shaba kutwa, kipande cha shaba kimepotea nyumbani kwake. Siku walipokuwa bado wanagombana nilichukua msalaba nyuma ya pipa, nikauangusha chooni. Nilisikia unavyozama. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Uongo mtupu. Zangu zimepita miaka.

Tata alivumilia kama mwaka. Mama hakumpakulia tena chakula, hakumwitikia salamu, na kitanda wakagawana kwa pazia. Alianza kulala Mutoshi chini ya turubai lake, kisha akaenda kuchimba mwenyewe mahali pengine, kisha pengine zaidi. Mara mbili alinitumia kitenge. Halafu ikaja simu ya mtu tusiyemjua, akasema tata huyo ameugua, amekufa, wamemzika tayari, poleni. Tulipopiga tena namba haikupatikana. Mama alivaa nguo nyeusi kwa sababu majirani walikuwa wanaangalia.

Basi, baada ya kile kilio cha mwanangu wiki iliyopita, nilikwenda kwa Mama. Bado anaishi nyumba ileile. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini sauti ya kanisani bado anayo. Nilikaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote kwa mpangilio: Deo, nyota ndogo nyeusi, kipande cha mti, pipa, njaa, choo. Sikujitetea. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea miaka mingi, hayakutoka.

Alipapasa ukingo wa mkeka, akaufuata kwa vidole mpaka kona. Nilidhani hakusikia.

"Tata yako alikufaka akisema hapana," alisema mwisho. "Mi nilimufungia mulango. Nani atamuambia sasa? Kaburi yake tunaijua?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Nilikuwa nimebeba pemba. Niliinunua sokoni asubuhi, donge dogo kwenye gazeti. Nililiweka mbele yake, nikapiga magoti, nikanyoosha mikono yote miwili, kama yeye alivyofanya Sandoa. Mimi mwenyewe nina mtoto mmoja tu, na nyuma yake wapo wawili waliokufa ambao sijawataja popote. Alipapasa akaligusa lile donge, akalitambua kwa vidole. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Mutoto wangu," alisema, "kitu mi sikupewaka, nitaitoa wapi ya kukupa?"

Akalirudisha kwenye gazeti, akalikunja vizuri, akanipa nirudi nalo.